Mifuko ya Njano Mlangoni

Usiku ule Mama Jicho hakuwasha taa. Aliketi dirishani gizani, maana aliye gizani huona kuliko anavyoonekana, na simu aliilaza mapajani kama mtoto mwenye homa. Kila baada ya muda aliigusa ahakikishe haijazimika. Tangu askari wawili walipomchukua mwanawe jioni, mbele ya majirani waliokuwa wakijifanya wanaanua nguo, hakuna aliyempigia kumwambia lolote.

"Tunakwenda kumuuliza maneno mawili matatu tu, mama," askari mnene alimwambia. Mama Jicho alimtazama mkononi akaona pingu. Maneno mawili matatu hayahitaji pingu.

Ng'ambo ya barabara lilisimama jengo la ghorofa, lile la korido za wazi, ambalo milango yake yote inatazama mtaani. Siku nyingine saa kama hizo huwa limelala. Leo taa za korido ziliachwa zinawaka juu mpaka chini, na kwenye vitasa vya milango hapakuwa na mfuko wa njano hata mmoja. Mchana wezi walikuwa wamevunja milango mitatu ya jengo hilo, wakachukua walichotaka, wakaondoka kama watu waliomaliza kazi waliyotumwa. Milango yote mitatu ilikuwa imetundikwa mifuko ya njano. Na mifuko ile, mtaa mzima unajua, ni ya mwanawe.

Jina la Mama Jicho hakupewa na wazazi wake, alipewa na mtaa. Ni fundi cherehani, na cherehani yake ipo kibarazani, imeelekea barabarani, kwa hiyo mguu wake ukikanyaga pedali jicho linabaki bila kazi, nalo hujitafutia. Shule aliiacha mapema, akafundishwa kushona na mama yake mdogo, mwanamke mkali aliyekuwa akimwambia, "Kitambaa hakidanganyi, anayedanganya ni aliyekileta." Maneno hayo yalimwingia. Mteja akisema amenenepa kidogo tu, Mama Jicho huchukua utepe wa kupimia akanyamaza, na mara nyingi amejua mimba ya mtu kabla ya mama mkwe. Mumewe alikwenda mji mwingine kutafuta kazi, na huko ikampata kazi yenye watoto wengine. Tangu hapo Mama Jicho akiambiwa "usijali", ndipo anapoanza kujali.

Mwanawe alikuwa mmoja tu. Alifanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, akazoea mashine na mvuke mpaka watu wakamwita Povu. Alikuwa kijana wa maneno machache. Siku moja alikuja nyumbani na mwenzake aliyevaa koti juani. Huyo mtaa ulimwita Mtaalamu, kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha kwa kila mtu, hata kwa muuza mboga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Koti hilo halikuchomi?"

Mtaalamu alicheka akakaa bila kulivua. Akaeleza kwamba yeye na Povu wanafungua kampuni ya kufua nguo. Wamekodi chumba nyuma ya kituo cha mafuta na mashine mbili zimepatikana. Kilichobaki ni kujitangaza.

"Siku hizi, mama, mteja hataki kuongea na mtu. Anataka huduma imfikie kimyakimya. Asubuhi anatundika mfuko wa nguo chafu mlangoni, anakwenda zake kazini. Sisi tunapita tunachukua, na kabla hajarudi zimeshafuliwa, zimekunjwa, zipo pale pale mlangoni. Kama malaika wamepita!"

"Malaika hawabebi nguo chafu," alisema Mama Jicho. "Na mtu asiyetaka kuongea na mtu, anamwachia nani chupi zake?"

"Mama!" Povu alikohoa.

"Mama nini? Nauliza."

Mtaalamu hakutikisika. Alisema uzuri wa mpango wenyewe uko kwenye mfuko. Utakuwa mkubwa, wa njano inayowaka, na jina la kampuni litaandikwa kwa herufi nyeusi zinazosomeka kutoka barabarani. Mteja akiutundika mlangoni, mlango wake umegeuka bango, tena bango la bure.

"Na wenye milango mmewauliza?"

"Mteja hajui anachotaka, mama, mpaka umwonyeshe."

Basi Mama Jicho akawashonea mifuko. Moyo haukutaka lakini mguu ulikanyaga pedali, kwani angefanyaje, mtoto ni wako. Alitia mishono miwili kila pembe isichanike. Jina la kampuni lilikuwa refu na la kigeni, Mtaalamu alilitoa anakokujua mwenyewe, na mtaani hakuna aliyeweza kulitamka. Mlinzi wa jengo la ghorofa alijaribu mara moja, ulimi ukamkwama, akasema, "Aah, wale wa mifuko." Ikabaki hivyo. Kampuni ilikuwa na jina kwenye mfuko na jina lingine mdomoni mwa watu.

Wakaanza kwa kufua bure wiki nzima, ili watu waonje. Watu hawakuonja, walikula. Walileta mapazia na mablanketi, wakaleta mazulia yaliyokuwa hayajaona maji tangu yanunuliwe. Mmoja alileta vifuniko vya viti vya gari, na hakuwa na gari. Povu alifua usiku na mchana mpaka vidole vikamchubuka, nguo za nyumba hii zikachanganyika na za nyumba ile. Wiki ilipokwisha, na watu wakaambiwa sasa kazi ina bei, mifuko ikatoweka. Mama Jicho aliuona mmoja sokoni umejaa viazi.

"Nani kasema hatujafanikiwa?" Mtaalamu alisema. "Tangazo linatembea!"

"Linatembea na viazi," alijibu Mama Jicho.

Hata hivyo wapo waliobaki, wale wanaotoka alfajiri na kurudi wamechoka. Kati yao alikuwa muuguzi aliyeishi peke yake mlango wa mwisho, ghorofa ya juu. Kila siku ya zamu alitundika mfuko wenye sare zake nyeupe, na Povu alizifua kwa mkono kwanza ndipo azitie kwenye mashine. Hawakuwahi kuonana. Povu hakuonana na mteja yeyote, maana mpango wenyewe ulikuwa hivyo, kwamba yeye aje watu wakiwa hawapo.

Hapo ndipo jicho la mama yake lilipoanza kuwasha. Asubuhi moja alimwona Mtaalamu amesimama ukingoni mwa barabara, simu mkononi, anapiga picha jengo la watu. Akasogea akapiga tena. Mama Jicho alisimamisha cherehani.

"Baba, hiyo milango ya watu unaipiga picha ya nini?"

"Ya kutangazia, mama! Tazama." Akamwonyesha simu. Jengo zima lilionekana na mifuko ya njano kwenye vitasa. Chini yake aliandika kwamba kila asubuhi watu wa jengo hili wanakwenda kazini na kuwaachia wao shida zao. "Wameshaiona maelfu ya watu!"

"Maelfu ya watu gani?"

"Watu tu, mama. Wengi!"

"Unawajua?"

Mtaalamu alimwangalia kama mtu anayeangalia redio ya zamani. Mama Jicho akarudi kwenye mshono wake, lakini sindano ilimchoma kidole, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Usiku alimwambia Povu, "Huyo mwenzio simwamini. Anapiga picha milango." Povu akamjibu kwamba yeye humshuku kila mtu, hata paka akipita na mkia juu. Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana hakubishana.

Sasa milango mitatu imevunjwa, na mmojawapo ni wa yule muuguzi. Watu walisema amechukuliwa televisheni pamoja na sanduku la vitu vya marehemu mama yake, na kwamba alikaa chini kwenye korido akiwa na sare zake zilizofuliwa mapajani, hataki kuingia ndani. Anayepita kwenye milango watu wakiwa hawapo ni nani? Anayejua nani katoka na nani kabaki ni nani? Mtaa haukuhitaji hakimu.

Simu ya Mtaalamu ilikuwa imezimwa. Mama Jicho alipiga mpaka yule mwanamke wa kwenye simu, anayesema mteja hapatikani, akaanza kumchukia. Alijiambia, huyu ndiye. Kakimbia, kamwachia mwanangu mzigo. Moyo ukatulia kidogo, maana ukishapata wa kumshuku, woga nao hupata mahali pa kukaa.

Kisha akafikiria kwamba askari wanaweza kurudi kupekua. Akaingia chumbani kwa Povu, akimulika kwa simu, ili atangulie kuona watakachokiona. Alipekua kama anavyokagua mshono, inchi kwa inchi. Chini ya kitanda, nyuma ya viatu, palikuwa na mkebe wa biskuti. Akaufungua.

Ndani mlikuwa na hereni, saa ya mkononi ya kike, pete, vifungo vya shati vya kung'aa na funguo. Funguo za milango.

Mama Jicho alikaa kitandani kwa mwanawe. Hereni zile hazikuwa pea, kila moja ilikuwa peke yake. Hilo aliliona, lakini usiku ule kila alichokiona kilikuwa ushahidi. Alimkumbuka Povu akirudi amechelewa, Povu akijibu kwa mkato, Povu akicheka na simu kisha kuiweka chini mama yake anapoingia. Akamkumbuka na baba yake pia, ambaye aliaga kwa tabasamu. Akauchukua mkebe, akauficha ndani ya sanduku la cherehani, chini ya nyuzi na mabaki ya vitambaa, akarudi dirishani. Kuanzia hapo hakujua tena anamwombea mwanawe arudi au anaogopa kurudi kwake.

Povu alirudi asubuhi, jua likiwa limeshapanda, anatembea kwa miguu, kiatu kimoja hakina kamba. Muuza mboga alikuwa ameshapanga nyanya zake pembeni mwa barabara. Alimwacha apite kwanza, ndipo akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo:

"Haya, wa mifuko karudi! Aliwafungia watu kitambaa mlangoni kama kuku wa kuuzwa afungwavyo mguuni, mwizi afanye nini zaidi ya kuchagua?"

"Uza nyanya zako, dada," Mama Jicho alimkata. "Zinaoza kwa kukusikiliza."

Lakini neno lilikuwa limemwingia. Alimtazama mwanawe akipanda ngazi ya kibaraza, akaona mikono yake iliyopasuka kwa sabuni, akaona uso wa mtu ambaye hakulala. Hakumkumbatia. Alimwambia, "Ingia ndani," akafunga mlango.

"Wameniachia," alisema Povu. "Yule wa kujaza mafuta kituoni kawaambia jana sikutoka. Mashine ilipasuka bomba asubuhi, nilishinda nachota maji, na kila gari lililokuja liliniona. Nguo za muuguzi nilizochukua juzi nilizirudisha jioni, mlango nikaukuta umeshavunjwa. Mimi ndiye niliyemwita mlinzi, mama."

Mama Jicho alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye sanduku la cherehani, akautoa mkebe, akauweka mezani kati yao.

Povu aliutazama. Halafu akamtazama mama yake, na kitu kikamtoka usoni kama rangi inavyotoka kwenye nguo mbaya.

"Na wewe, mama?"

"Nimeuliza kitu? Sijauliza. Nimeuweka tu hapo."

"Ni vya mifukoni! Ile wiki ya bure. Watu walileta nguo hawakukagua mifuko, nguo zikachanganyika, nikabaki navyo sijui vya nani. Nitamrudishia nani? Siwajui! Nikamwambia Mtaalamu twende tukagonge milango tuulize, akasema tutaonekana wazembe, tutaharibu jina."

"Jina lipi? Hilo lisilotamkika?"

Povu alitaka kucheka, ikashindikana. Akajifuta uso kwa kiwiko.

"Wewe unaniamini lakini."

Mama Jicho alichukua hereni moja akaigeuza kwenye mwanga. Alitaka kusema ndiyo, na neno lilikuwa jepesi kusemwa, lakini yeye si mtu wa kushona juu juu. Usiku mzima alikuwa amemhukumu. Akasema, "Nakuamini sasa. Usiku sikuwa najua nikuamini nini. Nimekuzaa, mwanangu, nimekulea, na bado mkebe ulinitisha. Sasa hao wa ng'ambo, ambao hata sura yako hawaijui?"

Kabla Povu hajajibu, mlango ukagongwa. Alikuwa Mtaalamu, ndani ya koti lile lile, limekunjamana kama lililolaliwa.

"Shikamoo, mama. Kaka, pole sana. Nilizima simu, nilichanganyikiwa, nikalala kwa shangazi."

"Shangazi yako hana chaji?" aliuliza Mama Jicho.

"Mama, nisamehe. Niliogopa." Alisema hivyo bila mbwembwe, na kwa mara ya kwanza Mama Jicho alimwona ni mtoto wa mtu. Alimkagua juu mpaka chini akitafuta wizi, akaona woga tu, na woga si kosa la jinai. Bahati mbaya Mtaalamu akaendelea. "Lakini usiku nimefikiria. Tutoe ofa ya pole! Bei nusu kwa jengo zima. Na mifuko tuibadilishe rangi, tuweke ya kijani, watu watasahau."

Hata Povu alimgeukia.

"Ndugu yangu," alisema Povu taratibu, "mtu kaibiwa vitu vya marehemu mama yake, unataka kumpunguzia bei ya sabuni?"

"Ni mkakati wa—"

"Futa ile picha," alisema Mama Jicho.

"Mama, ile picha ndiyo imependwa kuliko—"

"Imependwa na nani? Mlitundika alama kwenye kila mlango usio na mtu, mkapiga picha, mkawaonyesha watu msiowajua, mkawaandikia na muda. Ningekuwa mwizi ningewaletea zawadi. Futa, baba. Nataka nikuone ukifuta."

Mtaalamu alitoa simu. Kidole kilisita kama mtu anayeambiwa amchinje jogoo wake, lakini alifuta. Mama Jicho aliinama akahakikisha. Kisha akauchukua mkebe, akampa Povu mkononi.

"Nenda ukagonge. Mlango mmoja mmoja. Sema wewe ni nani, vitu vyao ni hivi, na mifuko uiombe yote irudi. Kuanzia leo anayetaka kufuliwa atakupa nguo mkononi, au atakuletea. Wakuone."

"Watanitukana."

"Watukane. Mtu anayekutukana amekuona."

Alivua utepe wa kupimia shingoni, akavaa kanga safi, akaandamana naye. Mtaalamu aliachwa kibarazani na glasi ya maji.

Mlinzi aliwapekua getini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, huku akikwepa macho ya Mama Jicho. Mlango wa kwanza ulifunguliwa na baba mmoja aliyesikiliza sentensi moja akaufunga. Kwenye wa pili waliona kivuli kikipita nyuma ya pazia, kisha televisheni ikaongezwa sauti. Kwenye wa tatu mwanamke aliutupa mfuko wa njano nje kupitia upenyo, kama mtu anayetupa panya. Povu aliuokota akaukunja vizuri. Ghorofa ya pili msichana mmoja aliitambua hereni yake akashangilia, lakini mama yake akamvuta ndani kwa mkono. Kijana mwenye miwani alichukua funguo zake, akauliza kwa nini zilikaa muda wote huo. Povu akamweleza. Kijana akasema, "Mimi kesho nabadilisha kitasa," akaongeza, kwa aibu kidogo, "si kwa ajili yako." Lakini ilikuwa kwa ajili yake, na wote watatu walijua.

Mama Jicho alitembea nyuma ya mwanawe, na kwa kila mlango alihisi ngozi ya mgongo wake ikikaza. Alikuwa amezoea kuwa jicho la mtaa. Kutazamwa yeye kulikuwa jambo jingine.

Wakafika juu, mlango wa mwisho. Ubao mpya ulikuwa umepigiliwa mahali palipovunjwa, misumari bado inang'aa. Povu alinyanyua mkono kugonga akaushusha.

"Huyu simudu, mama."

"Gonga."

Akagonga. Nyayo zilisikika zikija, zikasimama nyuma ya ubao.

"Nani?"

"Mimi ndiye ninayefua sare zako, dada."

"Sikujui," sauti ilisema.

"Ndiyo. Nimekuja unijue."

"Vitu vyangu umekuja navyo?"

"Sina, dada. Sikuvichukua. Lakini mfuko uliokuwa mlangoni kwako ni wangu, na ndio uliowaambia hupo. Hilo ni langu. Nimekuja kukwambia hilo, basi."

Mama Jicho alishika reli ya korido. Maneno hayo hakumfundisha, na hakujua kama yangemsaidia au yangemrudisha kwa askari. Chini barabarani muuza mboga alikuwa amesimama, mkono juu ya macho, anawatazama. Povu hakugonga tena. Alisimama tu mahali anapoweza kuonekana, mikono imening'inia.

Kufuli likalia. Mlango ukafunguka kwa upana wa mnyororo, na katika upenyo ule likatokea jicho moja, jekundu kwa kukosa usingizi. Lilimwangalia Povu usoni, likashuka mikononi, likapanda tena usoni. Mama Jicho alilijua jicho lile. Lake lilikuwa hivyo hivyo usiku kucha. Akasogea hatua moja pembeni ili mwanawe aonekane vizuri, naye akasikia mnyororo ukianza kutolewa.